Maji ya Baba Mtungini

Siku ya pili baada ya kumzika mama, wageni wamepungua na mikeka imeanza kukunjwa, binti yangu Zuhura alisimama kwenye mlango wa uani akaniuliza, "Mama, ndoo ya bibi ya kutawadhia bado ina maji. Nimwage?"

Nikamwambia, "Yaache kwanza. Yafunike."

Akanitazama kama hajanisikia vizuri. "Wewe ndiye unasema maji yaachwe?"

Ana haki ya kushangaa. Kwangu Mapinga hakuna kopo linalolala na maji. Watoto wangu wamekua wakinicheka, wakiona kifuu cha nazi kimeelekea juu wanaitana, "Kigeuzeni, mama hajatoka." Nimeshagombana na jirani kwa ajili ya tairi bovu aliloliweka uwanjani kwake likajaa mvua, tukanuniana mpaka Idi. Lakini ile ndoo mama aliijaza mwenyewe, asubuhi ya mwisho aliyokuwa na nguvu za kusimama, na mimi mkono wangu ulikataa kuigusa.

Nikatoka nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Mvua ilikuwa imepita alfajiri. Pembeni ya ndoo, pale ukutani, ulilala mtungi wetu wa zamani kifudifudi, na udongo wake uliolowa ulikuwa unatoa ile harufu yake. Nyie wenzangu mliokua kabla ya mafriji mnaijua. Unapokunywa maji ya mtungini unasikia udongo kwanza, halafu ubaridi, halafu kwa mbali moshi wa ubani uliofukiziwa. Mimi harufu ile ikinijia sifikirii kiu. Namfikiria baba, na mama akiwa kijana, mwembamba, kavaa nyeupe, ameinama.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, hapa hapa Dunda, na sisi tuliamka na kulala kwa mlio wa ile cherehani. Kila Alhamisi alasiri alifunga kazi mapema, akachukua kamba na ndoo ya bati, akaenda kisimani kuteka maji ya kujazia mtungi wa kutawadhia. Mtungi wa kunywa ulikuwa wa mama. Huu mwingine, uliokaa ushorobani kati ya chumba chao na uani, baba hakumwachia mtu.

Mama akimwambia, "Niachie mimi, watu watasema mimi ndiye niliyekuoa wewe," anamjibu, "Waache waseme. Maji ya swala yangu nayabeba mwenyewe."

Bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akiishi na sisi, anadakia kutoka jikoni, "Mwache abebe. Alipokuwa mdogo nilikuwa namkimbiza na bakora mpaka uwanjani ndio atawadhe."

Alhamisi moja baba akaujaza mtungi mpaka shingoni. Usiku ule tumbo likamshika, na Ijumaa yake watu wakamswalia yeye.

Mama akaingia eda. Akavua vipuli, akaacha wanja na udi, akavaa shuka nyeupe, akawa hatoki nje wala mwanamume wa kando hamwoni. Mimi ilinipendeza, Mungu anisamehe, maana mama niliyezoea kumgombania na sokoni na kisimani sasa alikuwa ndani kutwa nzima, wangu peke yangu. Jambo moja tu alilolisema siku zile za mwanzo kwa sauti ya amri ni kuhusu mtungi. "Maji haya yasiguswe." Yeye mwenyewe akawa anatawadha kwa maji ya ndoo. Bibi, ambaye kwa kawaida maji yakilala siku mbili anayamwagia kuku, safari hii naye aliyaacha. Yalikuwa maji ya mwanawe pia.

Kwenye matanga alikuja shangazi yangu kutoka Dar es Salaam, dada yake baba. Alishuka kwenye basi amejikunja, anashika kiuno, macho mekundu. Tulidhani ni kilio. Kumbe ana homa, anasema huko mjini mtaa mzima umelala, mifupa inawauma kama imepigwa mchi. Wakamtandikia mkeka ushorobani kwa sababu pana ubaridi, miguu yake ikaelekea mtungini. Akalala pale siku kadhaa, mchana na usiku, usiku wakimfungia chandarua. Homa ikamwacha, akarudi kwake. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Mimi ndiye niliyegundua kuwa yale maji ya baba yalikuwa hai.

Nilifunua kifuniko tu ili ninuse, maana nikikaribia pale nilihisi kama baba yupo kisimani anarudi. Mwanga wa mlango wa uani ukaingia mtungini, nikaona vitu vidogo vinacheza. Vimejikunja, vinapanda juu, vinapumua kidogo, vinashuka. Nikigonga udongo kwa ukucha vyote vinazama kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani wakisikia kikohozi cha Maalim. Na Maalim wetu, wiki hiyo hiyo, alikuwa ametufundisha kwamba kila chenye uhai Mwenyezi Mungu amekiumba kwa maji. Sasa nyie mwambieni mtoto mdogo vile, aliyeambiwa baba yake amerudi kwa Mungu, kisha akakuta maji ya mwisho ya baba yake yana uhai ndani yake. Mimi nilielewa vizuri kabisa. Baba anaumbwa tena. Anaanza mdogo, kama watu wote, na anahitaji muda.

Sikumwambia mtu. Nilijua wakubwa wakifurahi sana wanaharibu mambo. Nikawa kila nikitoka chuoni nakaa pale ushorobani, naufunua mtungi, nampa habari. Kwamba cherehani imefunikwa kwa kanga ya mama. Kwamba mbuzi wa jirani kala mahindi yetu ya kuanika. Miguu ilikuwa inaniwasha, vimbu vyeusi vidogo vinanitua vifundoni mchana kweupe, nami naviacha, sitaki kupiga kofi nikamshtua.

Kisha mama akaugua.

Homa ilimjia ghafla kama mtu aliyemwagiwa makaa. Siku ya pili akawa hawezi kunyoosha mgongo. Alitembea kwa kushika ukuta, ameinama kiunoni, mikono magotini, na vidole vimemvimba hata kata ya maji hakuweza kuishika. Mimi nilimwona yuko kwenye rukuu, ule mwinamo wa swala. Nikadhani Mungu amemshika kwenye rukuu kwa jambo fulani, na nikawa namwangalia usoni nione kama analijua.

Bibi alilijua jina la ugonjwa. "Kidingapopo hicho," alisema. "Nilikiona nikiwa mwali. Ni upepo mbaya, unaingia mtu akiwa na huzuni. Tumtafute mtu apige ngoma, hata ya pole pole."

Mama alikuwa amelala kwa ubavu, anajibu huku ameuma meno. "Mama, nakuheshimu. Lakini niko edani. Ngoma haipigwi kwa ajili yangu ndani ya nyumba hii."

"Kwa hiyo ulale hivyo hivyo umekunjika kama kisu cha kukunja?"

"Nitalala hivyo hivyo. Nitamwomba aliyenikunja."

Bibi akaguna, akaenda kuchemsha mwarobaini. Nikamfuata jikoni nikamuuliza kama mama atakufa. Akaniita kwa lile jina alilonitania. "Mke mwenzangu, mama yako ni mbishi. Malaika wa mauti mwenyewe atakaa barazani akisubiri ruhusa." Akacheka, lakini macho hayakucheka, na mimi toka hapo sikulala vizuri. Nilihesabu nilichonacho. Baba anakuja lakini bado mdogo sana. Mama yupo lakini hanyooki. Nikaenda mtungini nikamwambia baba afanye haraka.

Ugonjwa ukaingia nyumba ya pili, na ya tatu. Ndipo akaja Bwana Afya, yule mtu wa serikali aliyepita na baiskeli kukagua vyoo na maji. Alizunguka uani, akageuza geuza vifuu, akaja kusimama mlangoni. Bibi alikuwa ameshakaa katikati ya kizingiti kama kufuli.

"Nje nimeona, bibi. Ndani je?"

"Ndani kuna mjane."

"Poleni sana. Lakini simuulizii mjane, naulizia maji."

"Maji yako huko huko aliko mjane. Subiri eda iishe."

"Eda itaisha, bibi, mbu hawatasubiri."

"Mbu gani? Mbu wetu tunawajua. Wanatoka mikokoni magharibi, wanaondoka alfajiri, na chandarua tunacho."

"Na huyo anayekuuma sasa hivi mguuni?"

Bibi akajipiga kofi kwenye kifundo. "Huyu kapotea njia."

Watu waliokaa baraza ya pili wakacheka, Bwana Afya mwenyewe akacheka. Akasema yeye ameagizwa tu maji yote yaliyolala yamwagwe, zaidi ya hapo hana la kubishana na mtu mzima. Lakini hakuondoka. Alisogea kwenye ukuta wa chumba cha mama, akapaza sauti kuelekea dirisha lililofungwa. "Mjane wetu, Mungu akupe subira. Kama kuna maji yaliyokaa humo ndani, yatazame wewe mwenyewe. Ukiona vidudu vinacheza, hao ndio mbu, wakiwa wadogo."

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama. Nilitaka kupiga kelele kuwa mtu yule mwongo. Mwanamke wa eda hajibizani na mtu wa nje. Mama aligeuza uso ukutani tu. Sasa, nikiwa mama wa watoto na mimi, nafikiri alielewa pale pale. Hakutaka kwenda kutazama. Mtu anaweza kujua jambo akalipa mgongo, kwa sababu akilitazama itambidi alitende.

Homa yangu mimi ilinikuta chuoni. Maalim alinirudisha nyumbani nimebebwa mgongoni na mtoto wake mkubwa, magoti yananiuma kama yametiwa mawe. Bibi alinilaza kitandani akatoka kwenda kuchuma majani. Mimi nikashuka, nikatambaa mpaka ushorobani, nikaweka shavu kwenye udongo wa mtungi, ambao ulikuwa wa baridi kuliko kitu chochote duniani.

Mama akanikuta hapo. Sijui alitembeaje. Nilisikia kwanza mkono wake unaburuza ukutani, halafu pumzi zake.

"Unafanya nini hapa?"

"Naongea na baba."

Akasogea karibu. "Baba yuko wapi?"

"Humo. Anaumbwa upya. Bado mdogo, usimshtue."

Mama alijishikiza kwenye mtungi akafunua kifuniko. Mbu wakatoka, si wengi, wale weusi wenye madoa meupe miguuni, wakamtua mkononi. Mmoja alikuwa ameshashiba, tumbo jekundu. Mama akampiga. Kwenye mkono wa ile nguo nyeupe ya eda pakabaki doa la damu, na mama akaliangalia muda mrefu, akanitazama miguu yangu iliyojaa vipele, akaliangalia tena. Haikujulikana ni damu yangu au ni yake.

"Mama," akaita. Bibi akaja na majani yake mkononi. "Njoo unishikie mtungi."

"Unataka kufanya nini?"

"Nayamwaga."

"Maji ya mwanangu?"

"Na ya mume wangu." Sauti yake haikupanda. "Mama, aliyebaki ni huyu."

Bibi akaweka majani chini. Mama akakunja upande wa kanga nyeupe mara mbili, akautandaza kwenye mdomo wa ndoo ya bati, ile ile ya baba, na bibi akauinamisha mtungi. Maji yakapita. Vile vitu vyangu vikabaki juu ya kitambaa, vinajipinda. Nililia kilio ambacho kwenye msiba wenyewe sikulia. Nilisema, "Unamwaga baba, unamwaga baba," nikajaribu kuviokota, vinapita kati ya vidole.

Mama akakaa chini sakafuni kwa shida, akanivuta. Alikuwa wa moto na mimi wa moto. Akasema, "Nisikilize. Baba yako hakuyajaza haya ili yakae. Aliyajaza tuswalie. Mimi ndiye niliyeyaweka, nikayafanya yeye." Akachota maji yaliyochujwa, akaniosha uso, mikono, miguu, taratibu, kama anavyooshwa mtoto wa siku saba. Kisha akatawadha yeye. Aliposukutua alifumba macho, akayaweka maji mdomoni kwa muda kabla ya kuyatema.

Akaswali adhuhuri pale pale, mkono mmoja ukutani. Nilikuwa nimelala mkekani namtazama. Kwa mgongo ule, kuinama hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuinuka. Alikaa kwenye rukuu mpaka nikaanza kuogopa, nikasikia anahema, kisha kidogo kidogo, ukuta ukimsaidia, akainuka. Hakunyooka sawasawa. Lakini aliinuka, na ile siku ya mwisho ya eda, alipotolewa kwenda kuoga, alitoka mlangoni wima kabisa, mimi nimemshika kidole.

Maji yaliyobaki yalimwagiwa mlangilangi, ule mti wa maua wa uani. Kile kitambaa kilianikwa juani, na jioni nilipokwenda kuangalia palikuwa na vijiuzi vidogo vyeusi, vikavu, ukipuliza vinapeperuka. Nikapuliza.

Miaka mingi baadaye, nimeshazaa, nilijiunga na masomo ya jioni. Tulikuwa wanawake watupu kwenye lile darasa, tunanukia vitunguu tulivyotoka kukaanga. Usiku mmoja mwalimu akachora mbu ubaoni na kumtia madoa meupe miguuni. Akasema huyu si wa mikokoni, huyu ni wa mjini, anaishi na watu. Hutaga kwenye maji yaliyotulia, mtungini, kwenye kopo, kwenye kifuu, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Akasema mara nyingi hazaliwi na ugonjwa. Anaufyonza kwa mgonjwa, kirusi kinakaa mwilini mwake siku kadhaa, kinaongezeka, mpaka kifike kwenye mate. Ndipo akimuuma mtu mwingine anamwachia.

Wenzangu wananakili. Mimi nilimwona shangazi kwenye mkeka, miguu yake imeelekea mtungini. Nikaweka kalamu chini.

Nilikuja kumweleza mama yote, Ijumaa iliyofuata, hapa hapa uani. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia kuhusu kirusi na mate ya mbu, na kwamba homa ile ilikuja na basi la Dar. Hapo akanikatiza. "Shangazi yako alikuja kumzika kaka yake. Usimtaje kwa hilo." Akaendelea kuchambua. Nikadhani yamekwisha. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, "Mwalimu wenu aliwaambia na utamu wake?"

"Utamu wa nini?"

"Wa yale maji."

Hatukuongea tena habari hiyo mpaka amekufa.

Zuhura alikuwa bado amesimama mlangoni, ananisubiri nitoke huko nilikokuwa. Nikafunua ndoo ya mama. Maji yalikuwa meupe, hayana kitu, uso wangu tu. Kilichonishika kilikuwa kile kile kilichomshika yeye, kwamba nikiyaacha, kuna kitu chake kitabaki. Na adhana ya alasiri ikaanza, msikiti ule ule alikoswaliwa baba.

Nikainua ndoo. Zuhura akakimbilia mpini. "Mama, nipe mimi, nzito."

"Niachie," nikamwambia. "Maji ya swala yangu nayabeba mwenyewe."

Nikayapeleka mpaka kwenye jiwe la kutawadhia. Nikanawa viganja. Nikachota, nikasukutua, nikafumba macho, nikayaweka mdomoni kwa muda.

Nikaswali kwenye msala wake. Yaliyobaki nikaumwagia mlangilangi, nikaigeuza ndoo, nikailaza kifudifudi karibu na mtungi.